Tajiri, simu, chama au sacco? Tukope wapi Malindi, na nchi inafaidika na deni lipi

Kila Aprili, kusi ikianza kuvuma na mahoteli ya Malindi kupunguza watu kazini, swali huwa moja sokoni, barazani na kwenye vikao vya akina mama: nikope wapi? Majibu mengi huishia kwenye riba. Huyu anatoza saba, yule anatoza kumi, basi nenda kwa wa saba. Mimi ni mweka hazina wa chama cha mtaani kwetu, hesabu za wenzangu hupita mikononi mwangu, na nasema wazi kwamba riba peke yake haitoshi kumchagulia mtu mkopeshaji. Kuna mambo mawili yenye uzito zaidi: siku ya kulipa inaangukia msimu gani, na pesa ikishatumika itakuwa imeacha kitu gani cha kuingiza nyingine.

Mambo hayo mawili, ukiyatoa mtaani ukayatandaza juu ya nchi nzima, ndiyo yanayoamua kama madeni ya majumbani yanakuza uchumi au yanaudumaza. Kwa hiyo katika ulinganisho huu mfuko wa mama muuza samaki na pato la taifa vitakaa meza moja.

Kwanza nchi: deni la nyumba linaingiaje kwenye ukuaji?

Pato la taifa hupimwa kwa kujumlisha matumizi ya wananchi, uwekezaji, matumizi ya serikali na tunachouza nje, kisha kutoa tunachoagiza kutoka nje. Kwa Kenya, matumizi ya watu majumbani ni karibu robo tatu ya pato lote. Ndiyo maana mikopo huwapendeza wanasiasa: watu wakikopa leo, maduka yanauza leo, na takwimu za mwaka huu zinapendeza.

Shida ni mwaka wa pili na wa tatu, pale mshahara unapoingia na nusu yake ikawa ina mwenyewe. Mwaka 2017 watafiti wa BIS, ile benki ya mabenki kuu iliyoko Basel, Uswisi, walilinganisha nchi kadhaa wakaona kwamba deni la majumbani likiongezeka, matumizi na ukuaji hupanda kwa muda wa mwaka mmoja hivi, kisha mambo hugeuka. Kwa muda mrefu, kila deni hilo linapoongezeka kwa pointi moja ya asilimia ya pato la taifa, ukuaji hupungua kwa karibu pointi 0.1. Madhara huwa makali zaidi deni likipita asilimia 60 ya pato la taifa, na zaidi tena likipita 80. Mwaka huo huo Shirika la Fedha Duniani, IMF, lilitoa hesabu inayofanana: deni likipanda kwa pointi 5 ndani ya miaka mitatu, tegemea ukuaji kushuka kwa pointi 1.25 miaka mitatu baadaye. Na wanauchumi Atif Mian, Amir Sufi na Emil Verner, waliopitia takwimu za nchi 30 kuanzia 1960 hadi 2012, walikuta mwendo ule ule: furaha fupi, kisha kubana na watu kukosa kazi.

Korea Kusini ni mfano ninaoupenda kwa sababu hauhitaji hesabu ngumu. Baada ya msukosuko wa fedha wa 1997, serikali ilihimiza watu kutumia kadi za mkopo ili biashara ichangamke. Ilichangamka kweli, na mwaka 2002 uchumi ulikua kwa zaidi ya asilimia 7. Mwaka 2003 watu walishindwa kulipa kadi zao, kampuni za kadi zikayumba, na ukuaji ukashuka hadi karibu asilimia 3.

Hata hivyo Kenya si Korea, na mtu asitumie takwimu hizi kututisha. Deni la majumbani yetu, likilinganishwa na pato la taifa, ni dogo mno mbele ya nchi tajiri. Mikopo yote ya sekta binafsi, nyumba na kampuni pamoja, ni kama theluthi moja tu ya pato letu. IMF wenyewe walisema madhara huwa hafifu pale ambapo deni la majumbani bado ni dogo. Tena kuna hatari ya upande wa pili ambayo wataalamu wa nchi tajiri hawaioni kwa sababu waliipita zamani: nchi ambayo mvuvi hapati wa kumkopesha mashine, na fundi cherehani hapati wa kumkopesha cherehani ya pili, nayo haikui. Sisi shida yetu haijawa wingi wa deni. Ni aina ya deni, na haraka yake.

Kwamba hata deni dogo linaweza kuangusha watu, jimbo la Andhra Pradesh nchini India lilionyesha mwaka 2010. Mikopo ilikuwa midogo, wengi wa wakopaji wakiwa wanawake maskini, marejesho yakitakiwa kila wiki, na mtu mmoja akikopa kwa huyu ili kumlipa yule. Malalamiko na vifo vya watu kujiua vilipozidi, serikali ya jimbo ikaingilia kati kwa sheria kali, na marejesho yakakatika karibu jimbo zima. Mwenye mkopo wa simu zaidi ya mmoja atatambua mwendo huo bila kufika India.

Mfano wetu: friza ya elfu ishirini

Nitalinganisha wakopeshaji kwa kitu kimoja. Mama karanga mmoja, mkaanga samaki wa siku nyingi karibu na wanaposhushia wavuvi, aliniuliza swali la kukopa baada ya kikao.

"Mwanangu, hawa samaki wa jioni wananila mtaji. Tasi akibaki, namtoa kwa bei ya kutupa. Nikipata friza nitapumua. Lakini nikakope wapi?"

"Friza bei gani, mama?"

"Iliyotumika, elfu ishirini."

Tulikaa tukaandika. Friza ikiwapo, samaki wa jioni atalala hadi kesho, na watoto watanunua barafu za ukwaju. Ukitoa tokeni za stima, alikadiria kubakiwa na shilingi 150 kwa siku wakati wa kaskazi, samaki wakiwa wengi na mji una wageni. Hiyo ni kama 4,500 kwa mwezi. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka na mashua zikilala ufukweni, alisema hata 50 kwa siku atashukuru, yaani 1,500 kwa mwezi. Yaweke akilini mafungu haya mawili, 4,500 na 1,500, kwa sababu ndiyo yatakayowapima wakopeshaji.

Tajiri

Kwa wavuvi na wauza samaki, mkopeshaji wa kale ni tajiri. Hana fomu, hana mdhamini, hatozi riba, na anatoa pesa usiku mtoto akiugua. Mkopo wake hulipwa kwa samaki: akikukopesha nyavu au mashine, unamuuzia yeye, kwa bei yake.

Tuseme mvuvi amechukua 30,000 ya kutengeneza mashine, na tajiri anamkata shilingi 50 kwa kila kilo chini ya bei ya soko. Akivua kilo 10 kwa siku, siku 20 kwa mwezi, amepoteza 10,000 kwa mwezi, na zile 30,000 bado zinasimama kama zilivyo. Ndani ya kaskazi moja, Novemba hadi Machi, atakuwa ametoa 50,000 kwa deni ambalo halijapungua hata senti. Hakuna benki nchini inayotoza hivyo. Lakini simtukani tajiri, maana yeye ndiye pekee ambaye kusi ikipiga hapigi simu. Anangoja. Subira hiyo ina thamani kubwa kwa mtu asiye na mshahara, na kila mkopeshaji mwingine anayetaka kumpokonya tajiri wateja lazima ajifunze kungoja kwanza.

Kwa mama wa friza, tajiri anafaa? Hapana. Friza inamwachia mama uhuru wa kuchagua auze lini na kwa nani, na uhuru huo ndio tajiri anaonunua.

Simu

Hapa lazima tutenganishe, kwa sababu watu husema "mkopo wa simu" kana kwamba ni kitu kimoja. M-Shwari ilianza Novemba 2012, ada asilimia 7.5 kwa siku 30, bila kuhesabu ushuru. Fuliza ikaja Januari 2019, kukuongezea pale salio la M-Pesa lisipotosha. Mfuko wa Hustler, wa serikali, ulizinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, riba asilimia 8 kwa mwaka, kulipa ndani ya siku 14, na asilimia 5 ya mkopo kuwekwa akiba. Kisha kuna programu nyingi za kukopa ambazo tangu 2022 zinatakiwa ziwe na leseni ya Benki Kuu. Kabla ya hapo zilikuwa zikiwapigia jamaa na majirani zako kuwatangazia deni lako, aibu ambayo wengi wetu tuliishuhudia.

Kwa bei tupu, Mfuko wa Hustler hauna mpinzani: elfu kumi kwa siku 14 ni kama shilingi 31 za riba. Lakini anayeanza hupewa mamia, hapewi maelfu, na siku 14 hazitoshi friza kulipa hata tokeni zake mwenyewe. Ni mkopo wa kuzungusha bidhaa inayouzika haraka: kreti la maembe, gunia la viazi, ndoo ya samaki wa leo.

M-Shwari kwa friza, hata tukidhani mama atapewa elfu ishirini zote, ingekuwa 21,500 ndani ya mwezi mmoja. Friza yenyewe, hata kaskazi ikiwa nzuri namna gani, italeta 4,500. Mama atakopa tena kulipa, na ada nyingine 1,500. Akiendelea hivyo kwa miezi sita ametoa 9,000 kwa ada tu. Ada ya mara moja haikuwa kubwa. Kilichomuumiza ni siku 30.

Fuliza nayo inataka jicho. Kwa viwango vilivyotangazwa 2022, ukichukua 1,000 unatozwa asilimia 1, kisha baada ya siku tatu za bure, shilingi 6 kila siku. Ukikaa nayo siku 30 umelipa 172, zaidi ya asilimia 17 kwa mwezi. Kwa dharura ya siku mbili, tumia bila hofu, ni rahisi kuliko kuomba jirani. Kwa kuishi nayo mwezi mzima, ni moja ya pesa ghali zaidi mjini. Na wengi wanaishi nayo: kila pesa ikiingia inakatwa, jioni wanaichukua tena.

Chama na mchezo

Hapa nina upendeleo na sifichi, lakini nitasema na kasoro. Mchezo wa akina mama, watu 20 wakitoa 1,000 kila wiki na mmoja kupokea 20,000, hauna riba kabisa. Anayepokea mwanzo ni kama amekopa kwa wenzake, anayepokea mwisho ni kama ameweka akiba. Kwa mama wa friza, akipata zamu ya mapema mwanzoni mwa kaskazi, friza italeta yote anayodaiwa kila mwezi. Akipata zamu hiyo Mei, kutoa 1,000 kila wiki wakati wa kusi kutamtesa. Na mtu mmoja akihama mji baada ya kupokea, walio nyuma ndio wanaolia.

Chama chenye mfuko wa kukopeshana ni habari nyingine. Vingi hutoza asilimia 10 kwa mwezi, riba ambayo ukiiandika kwa mwaka inatisha. Tofauti ni inakokwenda. Mwisho wa mwaka inagawanywa kwa wanachama wenyewe, kwa hiyo anayekopa sana hulipa na kurudishiwa sehemu, na asiyekopa hupata gawio. Pesa hiyo inatumika papa hapa: sare za shule, mawe ya ujenzi, mbuzi wa Idi. Lakini muda ni mfupi, mara nyingi miezi mitatu. Elfu ishirini kwa miezi mitatu, riba ikihesabiwa kwa salio, ni 4,000, na mwezi wa kwanza tu mama angetakiwa kuleta 8,667. Friza haiwezi. Kitambaa cha kushona madira ya Idi kinaweza, kwa sababu kinauzika chote ndani ya wiki chache.

Sacco

Kama mtu ananiuliza jibu moja la friza, pikipiki ya kwanza, cherehani au choo cha nyumba ya kupangisha, nasema sacco, yaani ushirika wa kuweka akiba na kukopa, iliyo na leseni ya SASRA, mamlaka inayosimamia sacco nchini. Nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, na hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako. Elfu ishirini kwa miezi 12 ni riba ya 1,300 tu. Fungu la kwanza ni 1,867 na la mwisho 1,683.

Sasa lete yale mapato yetu ya friza, 4,500 ya kaskazi na 1,500 ya kusi. Mama akianza Novemba, kaskazi ya miezi mitano inamletea 22,500, na deni lote na riba yake ni 21,300. Machi friza imejilipa. Akianza Aprili, miezi sita ya kusi inaleta 9,000 na marejesho ya miezi hiyo ni 10,950. Anapungukiwa 1,950, fedha za kutafuta pembeni lakini si za kuuzia friza. Friza ni ile ile, riba ni ile ile, na tofauti yote imeletwa na mwezi wa kuanza. Sijaona kijitabu chochote cha mikopo kinachomwambia mtu wa pwani jambo hili.

Gharama ya sacco ni ya kabla ya mkopo: lazima uwe umeweka kama 6,700, na uwe na wadhamini ambao watakatwa ukikimbia. Ni polepole. Lakini miezi ile ya kuweka akiba ni kipimo kizuri: asiyeweza kuweka 600 kwa mwezi hataweza kulipa 1,867.

Benki, na mabenki yasiyo na riba

Benki ya kawaida kwa mwenye mshahara ni sawa, hasa mwalimu au muuguzi anayekatwa moja kwa moja. Sheria ya Ajira inakataza makato kuzidi theluthi mbili za mshahara, na watu hujaza hadi mpaka huo kana kwamba ni lengo. Mwisho wa 2024 riba ya wastani ya benki ilikuwa karibu asilimia 17. Kwa mama karanga, mlango wa benki umefungwa kwa kukosa karatasi tu.

Wengi wetu hapa hatutaki riba kwa sababu ya dini, na kuna njia. Gulf African na First Community, ambayo sasa inaitwa Premier, zilifungua milango 2008 kama benki kamili za Kiislamu. Katika murabaha, benki hununua friza yenyewe na kukuuzia kwa bei iliyoongezwa faida, tuseme 23,000 kwa mafungu 12. Bei iliyoandikwa mwanzo haipandi ukichelewa. Hilo napenda hata kwa asiye Mwislamu, pamoja na jingine: pesa haipiti mkononi mwako, kinachokuja nyumbani ni friza. Haiwezi kugeuka kuwa harusi ya binamu njiani.

Pikipiki za kulipia kila siku

Kijana anayelipia boda yake 450 kila siku kwa miezi kumi na nane atakuwa ametoa zaidi ya 240,000 kwa chombo ambacho kwa pesa taslimu kingekuwa chini sana ya hapo. Ni ghali. Lakini marejesho ya kila siku yanalingana na kipato cha kila siku, na chombo kinafanya kazi tangu asubuhi ya kwanza. Kwa asiye na akiba wala mdhamini, naona ni deni halali la kujengea maisha, mradi asichukue Mei, abiria wa mahoteli wakiwa hawapo.

Nchi inafaidika na lipi?

Sasa peleka yote haya juu. Friza ya sacco imeongeza kitu kipya: samaki ambaye zamani aliharibika au kutolewa bure sasa anauzwa kwa bei yake. Huo ni uzalishaji ulioongezeka, na unaendelea baada ya deni kwisha. Madira ya chama vivyo hivyo, na boda pia, ijapokuwa sehemu kubwa ya bei ya boda imekwenda nje, maana pikipiki na vipuri vyake huagizwa, na tunachoagiza hutolewa kwenye hesabu ya pato la taifa. Nyumba ya kupangisha inayojengwa kwa mawe ya kuchimbwa Kilifi hii hii, kwa mafundi wa hapa na makuti ya hapa, inaiachia nchi zaidi kuliko televisheni kubwa ya bei ile ile. Simzuii mtu televisheni. Ninasema tu kwamba ukiikopea, mauzo ya duka la hapa leo ni faida ndogo ya muuzaji, na mauzo ya soko letu kwa miezi ijayo yamepunguzwa kwa kiasi chote cha deni.

Deni la kula ndilo gumu kulihukumu. Familia iliyokosa mshahara Mei itafanyaje? Lakini kwa hesabu ya uchumi, unga uliokopewa Mei kwa ada ni unga mchache zaidi utakaonunuliwa Juni. Mtaa mzima ukifanya hivyo, maduka ya mtaa huo yataona mauzo yakipungua mwezi hadi mwezi na wenye maduka hawatajua ni kwa nini. Huo ndio mwendo ambao BIS na IMF waliuona kwa nchi nzima, umepungua ukubwa tu.

Na ukubwa wake kwetu umeshaonekana. Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango wa kusafisha majina ya waliokwama na mikopo ya simu ya mabenki, wakopeshaji wakisamehe angalau nusu ya deni. Waliolengwa walikuwa zaidi ya watu milioni 4, na madeni yao yote yalikuwa karibu shilingi bilioni 30. Gawanya: ni kama 7,000 kwa kila mtu. Kwa 7,000 mamilioni ya watu walikuwa wameandikwa kwenye rekodi za wadaiwa sugu, hawawezi kukopa cha maana popote. Kwangu mimi hii ndiyo hasara kubwa zaidi ya deni la haraka kwa uchumi wa Kenya. Deni lenyewe ni dogo mno kuangusha benki, lakini limefungia nje watu ambao kesho wangekopa friza.

Serikali nayo haina mikono safi katika hili. Septemba 2016 iliwekea mabenki kikomo cha riba, pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Nia ilikuwa njema. Mabenki yaliacha kuwakopesha watu wadogo, yakanunua hati za serikali, na 2017 mikopo kwa sekta binafsi ikakua kwa karibu asilimia 2 tu. Wadogo wakakimbilia kwenye simu, kwa ada kubwa kuliko ile riba waliyokingwa nayo. Sheria ikafutwa Novemba 2019. Na katikati ya 2024 hati za serikali za siku 91 zilikuwa zikilipa karibu asilimia 16. Kwa malipo hayo, meneja wa benki ana sababu gani ya kushuka ufukweni kumhoji mama karanga? Anayetaka deni la majumbani likuze uchumi aanze kwa kupunguza njaa ya serikali ya kukopa ndani, kabla ya kuwahubiria wananchi nidhamu ya fedha.

Basi uchague vipi

Mvuvi aliye kwa tajiri asivunje uhusiano kwa hasira. Aweke akiba sacco kaskazi moja nzima, akope amlipe tajiri deni lote kwa mkupuo, aanze kuuza kwa bei ya soko. Zile 10,000 anazokatwa kila mwezi zitalipa mkopo wa 30,000 kwa muda mfupi kuliko anavyodhani. Dharura za usiku bado atamhitaji tajiri, na akimlipa kwa heshima hatanyimwa.

Mwenye biashara ya kuzungusha, mboga, nguo, mandazi, akope pale penye muda mfupi na bei ndogo: Mfuko wa Hustler kwa kiasi kidogo, chama kwa kikubwa kidogo. Kama riba ni haramu kwake, mchezo na murabaha vinatosha kwa mengi.

Karo ni jambo la peke yake. Elimu inailetea nchi faida kubwa kuliko friza zote, lakini faida yake inachukua miaka kumi, na siku 30 za simu haziwezi kuisubiri. Muhula wa kwanza unadai nusu ya karo ya mwaka na unafungua Januari, kaskazi imeshika na pesa ipo. Hapo lipa na uweke na ya pili, kwa sababu muhula wa pili unakukuta ndani ya kusi. Ukilazimika kukopa, kopa mkopo wa karo wa sacco wa mwaka mzima.

Aliye na mikopo miwili au mitatu ya simu asichukue wa nne hata kama ni wa riba nafuu, isipokuwa mkopo huo unalipa yote mitatu siku hiyo hiyo na kuirefusha kuwa mafungu ya mwaka. Hili chama chetu kimelifanya kwa wanachama wachache, kwa sharti kwamba programu zinafutwa kwenye simu mbele ya kamati. Wapo walioona sharti hilo ni la kuwadhalilisha. Mimi naliunga mkono.

Na mfanyakazi wa hoteli anayejua kwamba Aprili atapewa likizo bila malipo hadi Julai, asingoje njaa imfundishe kubonyeza simu. Sacco nyingi hukubali kupunguza au kusogeza mafungu ukiomba mapema. Barua hiyo iandikwe Februari au Machi mwanzoni, mshahara ukiwa bado unaingia, kwa sababu Mei kamati itataka kuona hati ya mshahara ambayo atakuwa hana.